Kuchagua Gitaa la Kwanza

Kila mwaka, mavuno yakiisha kuuzwa, wanafunzi huja kwangu mmoja mmoja na kuniambia, "Mwalimu, nina akiba kidogo, nami nataka gitaa. Ninunue lipi?" Nimefundisha nyimbo na ala kwa miaka mingi, tena nimefuatana dukani na wanafunzi wengi, wenye fedha nyingi na wenye fedha chache. Basi nimeona vema kuyaandika hapa yale niwaambiayo, ili kila asomaye aweze kujichagulia mwenyewe, hata akiwa mbali na mwalimu wa kumwongoza.

Kwanza nataka mfahamu kwa nini jambo hili si dogo. Mtu akinunua jembe baya hujua upesi kuwa jembe ni baya, kwa sababu alikwisha kulima kwa jembe zuri. Lakini mwanafunzi anunuaye gitaa baya hana jingine la kulilinganisha nalo. Vidole vikimwuma kupita kiasi, hudhani kuwa ndivyo wanavyoumia watu wote. Sauti ikipotoka, hudhani sikio lake ni bovu. Hujilaumu nafsi yake, wala hakilaumu chombo.

Palikuwa na mvulana mmoja wa darasa la sita, mwimbaji hodari kuliko wenzake wote. Kaka yake alimnunulia gitaa jipya, naye akafurahi sana. Baada ya miezi 3 akanijia, uso wake umeinama, akasema, "Mwalimu, nimeacha. Mimi sikuumbiwa jambo hili." Nikamwambia alilete gitaa lake. Nilipolitazama, naliona nyuzi zimesimama juu sana ya shingo, hata penseli ilipita chini yake bila kuzigusa. Mimi mwenyewe nilizibonyeza kwa shida. Nikampa gitaa langu ajifunzie jioni, na juma la pili lilipokwisha alikuwa akipiga wimbo mzima huku akiimba. Kosa halikuwa katika vidole vyake hata kidogo. Lilikuwa katika shingo ya lile gitaa. Tangu siku ile nimeshika neno moja: gitaa la mwanafunzi lichaguliwe kwa vidole na kwa sikio, na macho yaje nyuma.

Sasa tutazame aina za magitaa. Liko gitaa la umeme, nalo halisikiki vema bila mashine ya kukuza sauti. Mashine hiyo hununuliwa kwa fedha nyingine, tena hutaka umeme. Mwenye fedha chache aliache kwanza. Wala asidhani kuwa gitaa lisilo la umeme ni la kitoto. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, katika nchi ya Kongo, aliyezaliwa mwaka 1930, alipiga gitaa la namna hiyo peke yake, kwa kidole gumba na kidole cha shahada, huku akiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, na wimbo wake uitwao "Masanga" ukasikiwa mbali sana na kwao.

Magitaa yasiyo ya umeme nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza yana nyuzi za nailoni, na shingo yake ni pana. Zamani nyuzi hizo zilitengenezwa kwa matumbo ya kondoo, lakini tangu miaka ya 1940 mafundi walianza kutumia nailoni. Hizi ni laini, wala haziumizi sana vidole vya mtoto. Namna ya pili ina nyuzi za chuma. Sauti yake ni kali na yenye nguvu, shingo yake ni nyembamba, lakini vidole huumia zaidi mpaka ngozi iwe ngumu. Zote mbili ni njema. Mimi huwashauri wanafunzi wangu wadogo waanze na nailoni. Tena aliye na mikono mifupi aulize gitaa la robo tatu: nyuzi zake zina urefu wa karibu sentimeta 58, na zile za gitaa kubwa zina karibu sentimeta 65.

Lakini jihadharini na jambo moja. Msifunge kamwe nyuzi za chuma katika gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Nyuzi 6 za nailoni zikikazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 40. Zile za chuma huvuta kwa karibu kilo 70. Gitaa lisilotengenezwa kwa mzigo huo litapinda shingo, au kile kipande cha mti kishikacho nyuzi tumboni mwake, kiitwacho daraja, kitang'oka.

Huenda mtaniuliza, "Sauti ya gitaa hutoka wapi?" Uzi peke yake una sauti ndogo sana. Ukiukaza kati ya misumari miwili ukutani na kuupiga, hutasikia mengi. Lakini katika gitaa uzi hulitikisa daraja, daraja huutikisa ubao wa mbele, na ubao huitikisa hewa. Katika nchi ya Hispania alikuwako fundi jina lake Antonio de Torres, aliyezaliwa mwaka 1817 akafa mwaka 1892, naye ndiye aliyelipa gitaa umbo ambalo mafundi wengi hulifuata hata leo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa la ajabu. Ubao wa mbele ulikuwa wa mti mzuri, lakini mgongo na mbavu alizifanya kwa karatasi ngumu. Alitaka watu wajue kuwa kazi kubwa ya sauti hufanywa na ule ubao wa mbele. Gitaa hilo limehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho mjini Barcelona. Basi mwuzaji akikusifia maua yaliyochorwa mgongoni mwa gitaa, mkumbuke Torres, kwa kuwa maua hayaimbi.

Ubao huo wa mbele waweza kuwa wa mti mmoja halisi, au wa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja kwa gundi. Tazameni ukingo wa lile tundu la mbele. Mistari ya mti ikishuka kutoka juu hata ndani ya ukingo, huo ni mti mmoja. Ikionekana tabaka juu ya tabaka, huo ni wa kugandishwa. Mti mmoja huimba vizuri zaidi, nao ni wa bei kubwa. Lakini mbao za kugandishwa si aibu kwa aanzaye. Hustahimili zaidi hewa yenye unyevu kama ya Tanga, na ukavu kama wa Dodoma, ambapo mti mmoja huweza kupasuka usipotunzwa.

Sasa nitawapa majaribio ambayo kila mmoja wenu aweza kuyafanya dukani, akiwa na rula na kipande cha karatasi tu.

La kwanza, liinue gitaa ukatazame kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea tumboni, kama seremala atazamavyo ubao. Shingo iwe imenyoka, au ina bonde dogo sana katikati. Ikiwa imejisokota, au imepinda kama upinde, liache.

La pili, hesabu vile vichuma vilivyolazwa shingoni mpaka cha 12, kisha pima kwa rula nafasi iliyo kati ya kichuma hicho na nyuzi. Nyuzi za nailoni zikiwa na milimita 3 au 4, na za chuma zikiwa na milimita 2 au 3, ni vema. Zikizidi milimita 5 ni taabu kwa aanzaye.

La tatu, bonyeza kila uzi mbele ya kila kichuma, mmoja mmoja, ukasikilize. Sauti iwe safi, isilie kama nyuki aliyefungwa chupani.

La nne, piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze penye kichuma cha 12 ukaupige tena. Hapo ndipo katikati ya uzi, na nusu ya uzi hutoa sauti ile ile kwa daraja la juu, kama do ya chini na do ya juu katika nyimbo zetu. Zisipopatana, vipimo vya gitaa vina kasoro, au nyuzi zimechakaa. Omba nyuzi nyingine zifungwe. Zikikataa tena, usilinunue.

La tano, kaza nyuzi zote mpaka zipatane, kutoka ule mnene hata ule mwembamba: E, A, D, G, B, E. Kinanda kitakusaidia, na siku hizi hata simu ya mkononi huweza kukuonyesha kama sauti imefika. Kisha lipige kwa dakika 10. Nyuzi mpya hulegea kidogo, lakini funguo za kukazia zikiteleza zenyewe, gitaa hilo halitatulia kamwe.

La sita, jaribu kuingiza kipande cha karatasi chini ya daraja. Kikiingia, gundi imeanza kuachia.

Mwaka mmoja mama mjane alinijia na mwanawe, akaniambia, "Mwalimu, fedha hii ni ya mbuzi wetu mmoja. Sina nyingine mpaka mavuno. Nakuomba, usimwache mwanangu adanganyike." Nikamjibu, "Mama, tutatazama kwa macho manne, na kusikiliza kwa masikio manne." Tukaenda mjini, mimi na yule mtoto.

Katika duka la kwanza palikuwa na gitaa jekundu ling'aalo kama tunda lililoiva, na mkanda wake uliotariziwa. Bei yake ilikuwa sawasawa na fedha yote tuliyokuwa nayo. Mwenye duka akasema, "Bwana Mwalimu, hili ni jipya kabisa, halijaguswa na mtu." Sikusema neno. Nilimpa mtoto rula, nikamwacha afanye kazi yake. Shingo ilikuwa nzuri. Nyuzi zilikuwa juu kidogo. Alipofika jaribio la nne alisita, akarudia mara tatu, kisha akaniangalia kwa huzuni akasema, "Uzi wa tatu, Mwalimu, hausemi kweli." Mwenye duka kwa upole alitufungia uzi mwingine, lakini nao ukasema vile vile. Tulimshukuru tukatoka. Njiani mtoto hakuzungumza, maana moyo wake ulikuwa umebaki na lile jekundu.

Tukafika kwa fundi mmoja atengenezaye vyombo vilivyoharibika. Huko palikuwa na gitaa la rangi ya kahawia, la kale, lenye mkwaruzo mrefu mgongoni. Mtoto alilishika bila furaha. Akapima, akabonyeza, akasikiliza, akaingiza karatasi ikakataa. Majaribio yote 6 lilishinda. Nikamwuliza, "Unataka lipi, mwanangu? Fedha ni ya mama yako, na vidole ni vyako." Akakaa kimya kitambo, akilipiga polepole, hata sauti ikaanza kumwingia. Ndipo akasema, "Hili." Tukalinunua, tukapata na nyuzi za akiba na mfuko wa kitambaa, na bado kiasi kidogo cha fedha tukamrudishia mama yake. Kijana yule sasa huwafundisha wenzake wawili kwa gitaa lile lile.

Katika habari hiyo yamo mafunzo mawili juu ya fedha. La kwanza ni kwamba gitaa lililotumika laweza kuwa jema kuliko jipya, mradi lishinde majaribio. La pili ni kwamba fedha yote isiishie katika gitaa. Ukiwa na mafungu 10, weka 7 kwa gitaa, 1 kwa nyuzi za akiba, 1 kwa mfuko, na 1 kwa fundi. Huyo fundi aweza kuchonga kidogo kile kijiti kilicho juu ya daraja, na nyuzi zilizo juu zikashuka. Ni kazi ndogo, lakini imewaokoa wanafunzi wengi waliotaka kukata tamaa.

Ukiisha kulipata, litunze. Usiliache juani, wala karibu na moto, wala ndani ya gari lililofungwa, kwa kuwa joto hulegeza gundi. Lipanguse jasho kila umalizapo.

Na yule asiye na fedha kabisa asihuzunike. Watoto wengi wa nchi zetu wameanza kwa kopo, shingo ya mti, na nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Chombo hicho hakitakupa sauti zote, lakini kitazoeza mkono na sikio, nalo sikio ndilo litakalokuchagulia gitaa siku fedha itakapopatikana.

Wazee walisema, rahisi ghali, na neno hilo ni kweli. Lakini ghali nalo si lazima liwe jema. Basi ukienda dukani, usione haya kukaa muda mrefu, kupima na kuuliza. Mwuzaji mwema hatakasirika. Na ukiwa tayari una gitaa linalokuumiza na kukutia huzuni, usiseme, "Sikuumbiwa," kabla ya kuchukua rula na kuhesabu mpaka kichuma cha 12.