Bembea ya Norfolk, Goli la Runyenjes

Juzi niliketi kwenye ukumbi wa kijiji, hapa Norfolk, Uingereza, nikawasikiliza wazee wa baraza la kijiji wakibishana karibu saa nzima kuhusu mnyororo wa bembea. Mnyororo mmoja! Mkaguzi anayekuja kila mwaka ameandika kwamba umeanza kulika. Wabadilishe mnyororo au bembea nzima? Na yule mkata nyasi, kwa nini ameacha magugu nyuma ya goli? Mwenyekiti akaniuliza kama nina neno. Ninayo mengi, ila si ya mkutano wake.

Maana wiki hiyo hiyo mjomba alinitumia ujumbe wa sauti kutoka kwetu Kenya, Embu, upande wa Runyenjes, kuhusu uwanja wa huko. Vijana wanachanga. Goli moja limeliwa na mchwa, zinatakiwa nguzo mbili za mkaratusi na misumari, "na nyinyi wa ng'ambo mtutupie kitu." Nikatupa. Akashukuru, akaongeza kwamba neti tuiache kwanza, isije ikaenda kuzungushia banda la kuku.

Kinachoniuma ni kwamba pesa za uwanja wa huku naziona zinakotoka. Bili ya kodi ya serikali za mitaa ina mistari yake: hii ya polisi, hii ya wilaya, na hii ndogo kabisa ya baraza la kijiji. Mabaraza haya yapo tangu sheria ya 1894, na madiwani wake hawana mshahara. Kila kiangazi vitabu vya hesabu huwekwa wazi siku 30 za kazi, anayetaka akague. Jirani yangu, nyanya wa miaka themanini na ushei, haachi kwenda. Hashuku wizi. Anapenda tu kuwasumbua.

Sasa nyumbani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti viwanja vya michezo na sehemu za burudani, kwa maandishi. Sheria ya NG-CDF ya 2015, ule mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, nayo inaruhusu hadi asilimia 2 ya fedha za eneobunge ziende kwenye michezo. Hizo asilimia 2 mnazijua: jezi zenye sura ya mheshimiwa, fainali, hotuba, mbuzi.

Makubwa ndiyo tunayoyaweza. Uwanja wa Kinoru, Meru, ulifumuliwa ukajengwa upya kwa ajili ya CHAN ya 2018, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Septemba 2017 shirikisho la soka Afrika, CAF, likaipokonya Kenya mashindano, yakaenda Morocco. CHAN ilipotufikia kweli, Agosti 2025, mechi za upande wa Kenya zikachezwa Nairobi. Embu nako, Uwanja wa Moi ulikarabatiwa mbio mbio kwa sababu sherehe za Madaraka za 1 Juni 2023 zilikuwa zinakuja. Sisemi ni vibaya, na binamu zangu wa Meru nikigusa Kinoru tunakosana. Lakini mtoto wa Kianjokoma akitoka shule hapandi matatu hadi Embu mjini kwenda kupiga danadana.

Najua mtaniuliza: huo uwanja wa Norfolk una wachezaji wangapi? Jumamosi asubuhi, watoto wa ligi. Siku nyingine, mbwa na wenye mbwa. Wa kwetu ikifika saa kumi na moja jioni umefurika, ng'ombe wamesukumwa kando, refa ni yeyote anayeogopwa. Watu tunao. Tunachokosa ni kibarua mmoja wa kaunti kila wadi, mwenye fyekeo na pesa kidogo za misumari, na karatasi ukutani kwa chifu inayosema zimetumikaje.

Vikao vya umma vya bajeti vipo kisheria. Mjomba anasema huko watu huulizia barabara na basari, anayetaja goli huonekana mtoto. Basi na aonekane mtoto. Nauli nitamlipia mimi.