Chumvi Hasikii

Katika lugha yetu kitenzi "kusikia" kimebebeshwa mizigo mingi. Twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia njaa na baridi. Na mtoto afuataye maagizo ya wazazi wake twamwita msikivu. Asiyeyafuata twasema "hasikii", na hapo hatukusudii kwamba masikio yake yana kasoro. Methali zetu nazo zimeshika njia hiyo hiyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, twaambiwa, wala haisemwi lolote juu ya yule ambaye la mkuu halikumfikia kabisa. Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Waganda nao, kwa kitenzi chao "okuwulira", husikia na kutii kwa neno moja. Na katika Kilatini neno la kutii lilichipuka kutoka neno la kusikia. Mwalimu yeyote wa Kiswahili amepata kulifundisha somo hili la neno lenye maana nyingi, na wanafunzi wakalinakili madaftarini. Sisi tumeishi na somo hilo nyumbani kwa miaka saba, nalo lina miguu minne.

Makazi yetu ni Bwera, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchi ya Kongo. Siku za soko wachuuzi huvuka kwa wingi, na ingawa Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule huelewana kwa lugha yao wenyewe, mgeni yeyote akifika atapata mahitaji yake kwa Kiswahili, hata kama mbwa ataitwa "imbwa" na sarufi itapindwa kidogo. Ilikuwa katika soko hilo tulipompata mbwa wetu. Alikuwa mali ya mchuuzi wa samaki aliyemweka alinde ghala lake. Alikuwa na umri wa miezi mitano hivi, mweupe mwili mzima isipokuwa baka jeusi shinani mwa mkia. Pua yake nyekundunyekundu, jicho moja la kahawia na la pili la buluu iliyopauka, kama maji yaliyomwagwa katika sahani ya bati.

"Mwalimu, mbwa huyu ana kiburi," alitwambia mchuuzi. "Unamwita, anakupa kisogo. Nimemchapa mpaka nimechoka. Hasikii."

Alikuwa amekwisha nunua sumu ya kumtilia katika nyama. Tulimwomba atupatie mnyama huyo, naye akatupa bila ya bei, akicheka. Tulimwita Chumvi, kwa ajili ya chumvi ya ziwa Katwe ambayo tangu karne zilizopita imekuwa ikichotwa katika wilaya yetu hii ya Kasese na kuuzwa mbali. Ni jina zuri kwa mbwa mweupe, ingawa mwenyewe hajapata kulisikia.

Kwani mchuuzi alisema kweli kuliko alivyodhani. Siku ya tatu lori lilipiga honi mbele ya lango letu, mbwa wetu mwingine, Simba, akaruka na kubweka, na Chumvi akaendelea kulala ubavuni pake. Radi ilipopasuka juu ya milima ya Rwenzori, hakugeuza hata sikio. Daktari wa mifugo aliyekuwa akipita kutoka Kasese alitufundisha namna ya kuhakikisha. Alitukataza kupiga makofi mbele ya mbwa, kwa sababu mbwa kiziwi huona mikono, husikia upepo wake ngozini, na huhisi mtikisiko wa sakafu, basi hugeuka na kukudanganya. Yatakiwa alale nje juu ya majani, na mtu asimame nyuma ya ukuta agonge sufuria kwa mwiko. Tuligonga sufuria. Simba alikuja akidhani ni chakula. Chumvi hakutikisika.

Hapa yafaa tueleze kidogo ujuzi wa jambo hili, maana majirani walileta maelezo mengi, na uchawi ulikuwamo. Kiumbe kinapokuwa kingali tumboni mwa mama, seli zinazotengeneza rangi huanzia sehemu ya mgongoni na kusafiri mpaka ngozini, machoni na ndani kabisa ya sikio. Katika baadhi ya wanyama urithi wao huzizuia seli hizo zisifike kila mahali. Zisipofika ngozini, manyoya huwa meupe. Zisipofika jichoni, jicho huwa la buluu. Zisipofika katika sikio la ndani, lile lililojipinda kama nyumba ya konokono, hapo kuna hasara, kwa sababu kule kazi yao si kupamba. Husaidia kuweka madini ya potasiamu katika majimaji ya sikio, na majimaji hayo ndiyo yanayozipa nguvu seli za kusikia, kama vile betri inavyoipa nguvu redio. Kila mtoto wa mbwa huzaliwa matundu ya masikio yake yamefumba, nayo hufumbuka baada ya majuma mawili hivi. Yule aliyekosa seli za rangi sikioni huanza kupoteza usikivu wakati huo huo wenziwe wanapoupata; na seli za kusikia zikisha kufa hazirudi, wala hakuna dawa.

Wataalamu wamelitambua jambo hili zamani. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alitaja uhusiano wa macho ya buluu na uziwi katika paka. Mbwa wanaojulikana zaidi kwa kasoro hii ni wale weupe wenye madoadoa meusi waitwao Dalmatian: kwa hesabu za Marekani, karibu 3 kati ya 10 hawasikii kwa sikio moja au kwa yote mawili. Binadamu nao wamo. Mwaka 1951 daktari wa Uholanzi, Petrus Waardenburg, alieleza hali ya urithi ambayo humfanya mtu awe na shungi jeupe penye paji la uso, pengine macho ya buluu, na mara nyingine uziwi. Lakini msomaji asikimbilie kudhani kwamba kila cheupe ni kiziwi. Mbwa weupe walio wengi husikia vizuri. Dubu wa Ncha ya Kaskazini ana manyoya meupe juu ya ngozi nyeusi, na masikio yake hayana neno. Wala hatujaambiwa juu ya yangeyange kiziwi miongoni mwa wale wanaofuata ng'ombe katika nyanda za Kasese. Lililo muhimu zaidi ni kwamba watu wenye ualbino hawamo katika habari hii. Wao wanazo seli za rangi, nazo zimefika kila mahali zinapotakiwa, sikioni pia; zinachoshindwa ni kuitengeneza rangi yenyewe. Kwa hiyo husikia kama watu wengine. Twalitilia mkazo kwa sababu watu hao wamekwisha kusingiziwa mengi katika nchi zetu, na haifai waongezewe na hili.

Tulianza kumfundisha Chumvi kwa mikono. Kiganja kikielekezwa chini, alale. Kidole kimoja juu, akae. Mikono ikikunjwa kifuani, aje. Kila alipofuata alipewa kipande cha dagaa, na katika muda wa miezi miwili alikuwa amemshinda Simba, ambaye anasikia kila kitu na kutii nusu yake. Usiku twamwita kwa kuwasha na kuzima tochi. Wengine hushauri kupiga mguu chini ili mbwa ahisi mtikisiko, lakini sakafu yetu ni ya saruji, haipitishi kitu. Barabarani hatumwachi bila kamba hata siku moja, kwani malori yanayongoja kuvuka Mpondwe hujipanga hadi karibu na kwetu, na bodaboda hupita katikati yao zikitegemea honi.

Nchini Uganda jambo hili lina mzaha wake. Kwa watu wengi wa rika letu Kiswahili kilikuwa sauti ya askari: simama, kaa chini, toka. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo halikukiongezea wapenzi. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, nasi walimu tungali tukihangaika kukiondolea harufu ya kambi ya jeshi. Sasa nyumbani kwa walimu wa Kiswahili akaja mbwa asiyeweza kupewa amri hata moja kwa lugha hiyo. Jirani yetu mmoja alisema kwamba huyo ndiye Mganda halisi.

Mzaha ulikoma mwaka wa pili. Mgeni alifika mchana, akamkuta Chumvi amelala barazani, akainama ampapase kichwa. Mbwa kiziwi akiguswa usingizini hushtuka kama mtu aliyeshikwa gizani. Chumvi alirusha meno kabla ya kufumbua macho, na mkono wa mgeni ukachubuka ukatoka damu. Kabla hatujamaliza kuusafisha, watu walikuwa wamekusanyika langoni na fimbo. Hatuwalaumu. Kichaa cha mbwa kikishadhihirika katika mwili wa mtu, karibu hakuna anayepona, na watu wa huku hawakuhitaji kitabu cha kuwafundisha hilo. Mzee mmoja tunayemheshimu sana ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Mwalimu, huyu auawe. Siku zote tunawaona mkimwita, hasikii. Mbwa asiyemsikia bwana wake ana kichaa."

"Shikamoo mzee," tulimjibu, maana kwa haraka hatukuwa tumemwamkia. "Ni kweli hasikii. Masikio yake hayafanyi kazi tangu kuzaliwa. Kama mzee ataturuhusu, tutamwonyesha."

Tuliwaonyesha. Sufuria ikagongwa nyuma ya ukuta, ikagongwa tena na kijana mmoja wa wale wenye fimbo, ambaye aliigonga hata mwiko ukavunjika. Chumvi, ambaye sasa alikuwa amefungwa kamba, alikuwa akitazama kipepeo. Kisha tukakunja mikono kifuani, naye akaja akalala miguuni petu. Mzee alinyamaza kitambo. Aliuliza kama mbwa amechanjwa, tukaleta kadi yake. Mgeni alikwisha kuoshwa jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, akapelekwa hospitali kuanzishiwa sindano. Nasi tukakubaliana Chumvi afungwe na kutazamwa siku 10, kama inavyotakiwa, ili afe akiwa mgonjwa au aishi akiwa mzima. Mzee alikuja kila asubuhi kumtazama. Siku ya kumi na moja alituletea mwiko mpya.

Tangu hapo Chumvi analala ndani ya uzio wake, na atakayemwamsha humwekea mkono karibu na pua, asimguse, mpaka harufu imwamshe yenyewe.

Tulilolipata katika jambo hilo tulikwenda nalo shuleni. Hatumlinganishi mtoto na mbwa, na yeyote atakayesoma hivyo atakuwa ametuonea. Tunalolinganisha ni neno moja lililotumika kwa wote wawili. Katika shule moja ya huku palikuwa na mvulana aliyekuwa ameandikwa katika ripoti tatu mfululizo kwamba hasikii. Alikalishwa nyuma kwa adhabu. Ukimwita kutoka upande wa dirisha aligeuka. Kutoka upande wa mlango alikaa kimya, akachekwa, akachapwa. Tulimwomba mama yake ampeleke akaonwe masikio, na ikaonekana la kulia lilikuwa likitoka usaha kwa miaka mingi na kiwambo chake kimetoboka. Hana uhusiano wowote na rangi wala urithi; ni ugonjwa ambao watoto wengi wa kwetu huupata, na ukitibiwa mapema hauleti hasara hiyo. Sasa anakaa mbele, sikio zima likielekea kwa mwalimu. Alama zake si za ajabu, ila kuchapwa kumekwisha.

Wako wenzetu wanaoona dawa ni kuliepuka neno "kiziwi" na kutafuta maneno laini. Hatukubaliani nao. Viziwi wa Tanzania wameliweka katika jina la chama chao wenyewe, Chama cha Viziwi, na katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka lugha ya alama iendelezwe. Neno "kiziwi" latoa habari ya sikio na kuishia hapo. Neno "hasikii" ndilo lenye hatari, kwa sababu hutoa hukumu huku likijifanya linatoa habari. Wanafunzi wetu siku hizi tunawataka, wanapoliandika, waongeze neno la pili: hasikii sauti, hasikii maonyo. Wanaona ni usumbufu wa sarufi.

Limebaki moja, ambalo lilitugombanisha na jirani mwema. Chumvi alipokua alikuwa mzuri wa kuvutia, na jirani huyo akataka ampandishe kwa mbwa wake jike, mweupe naye, ili auze watoto weupe kwa wenye hoteli za watalii. Tulikataa. Mzazi kiziwi, akipandishwa kwa mwenye weupe kama wake, aweza kuzaa viziwi zaidi, na si kila mtoto atapata nyumba yenye mwiko wa ziada. Jirani alisema tunamwonea wivu. Tulimwita yule daktari wa mifugo, Chumvi akahasiwa, na kwa majuma mawili jirani hakutuamkia. Baadaye jike lake lilijipatia dume la sokoni lisilojulikana, likazaa watoto sita wa rangi ya udongo, wote wakibweka.