Saa ya Maji

Habari ya kifo cha Baba Mkubwa ilinikuta Mtwara, mchana, mazishi yamekwisha. Walimzika Pemba, ile ya Cabo Delgado, si ile ya karafuu. Maiti haingoji, na mimi nilikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Nikasoma Yasini peke yangu, nikakaa. Machozi hayakuja. Kilichonijia ni ubao.

Ulikuwa kipande cha mbao ya mashua kuukuu, umetundikwa barazani kwake Vamizi. Bamvua ikikaribia, aliandika kwa chaki saa ambayo maji yatakauka siku ya pili. Wanawake wa pweza, ndoo mkononi na kijiti cha chuma kwapani, walisimama kuutazama, na mara nyingine kumsahihisha. Naye hakubisha. Alilowesha kidole mate, akafuta, akaandika upya.

Vamizi ni kisiwa chembamba, urefu wake kama kilomita 12, kinachotazamana na bara ya Palma. Maji ya bamvua hushuka zaidi ya mita 3, mwamba ukabaki wazi kama shamba lililopaliliwa, kisha bahari ikarudi kulichukua shamba lake. Mtu wa pale hupanga safari, mavuno na hata harusi kwa kufuata saa hiyo ya maji.

Baba Mkubwa aliishi kwa saa mbili, hiyo ya maji na ile ya serikali. Wakati wa Wareno alivuka mpaka akiwa kijana, akafika Nachingwea, kwenye kambi ya wapigania uhuru wa Frelimo. Msumbiji ilipopata uhuru, tarehe 25 Juni 1975, jeshi lilihitaji watu wasiotapika baharini, akaingia jeshi la majini. Alihudumu kwenye boti za doria zilizotoka Umoja wa Kisovyeti, na kwa muda akapelekwa Metangula, kwenye Ziwa Nyasa. Huko, alisema, ndiko alikojua upweke. Mawimbi yapo, dhoruba ipo, samaki wapo, lakini maji hayapwi wala hayajai. Asubuhi unayakuta palepale ulipoyaacha. "Utajuaje kama siku imepita?"

Jambo jingine alilopenda kusimulia ni pande za chombo. Sisi tuna goshi, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea. Upepo ukigeuka na tanga likageuzwa, upande uliokuwa goshi huwa demani. Jeshini walimfundisha bombordo na estibordo, pande zisizobadilika hata upepo ufanye nini. Alizikariri na kuzitii. Aliporudi nyumbani akawa mtu wa kuziweka pamoja hesabu hizo mbili, ile isiyobadilika na ile inayogeuka.

Ndiyo kazi aliyoifanya miaka mingi kama sekretario wa kijiji, kisha mzee wa kamati ya wavuvi. Siku moja afisa kutoka bara aliitisha mkutano saa 4 asubuhi, siku ya mwezi mpevu. Wakaja wazee watatu na mbuzi. Afisa akakasirika, akasema watu wa kisiwani hawaipendi serikali. Baba Mkubwa akamshika mkono, akampeleka ufukoni, akamwonyesha kijiji kizima kimeinama mwambani. Tangu siku hiyo mikutano ikawa siku za maji mafu, bahari inapokuwa vuguvugu na watu wana nafasi. Hata ugomvi wa wenyeji na wageni wa dago, waliokuja na majuya yao kutoka Nampula na Tanzania, aliusikiliza siku hizo. Alisema kwenye maji mafu hata hasira haina mkondo.

Septemba 2020 wapiganaji wa uasi wa Cabo Delgado waliingia Vamizi, wakachoma nyumba. Watu walitoka kwa chochote kinachoelea. Baba Mkubwa alishuka kusini kisiwa kwa kisiwa hadi Paquitequete, ufuko wa Pemba uliopokea maelfu ya waliokimbia. Picha yake pekee ya sare iliungua, na ubao nadhani uliungua pia. Mwezi uliofuata chombo cha wakimbizi kilizama kati ya Ibo na Matemo, makumi wakafa. Alipoambiwa, aliuliza jambo moja tu: maji yalikuwa yanakupwa au yanajaa?

Alikaa Pemba mpaka mwisho wake. Bahari ilikuwa pale pale mbele yake, na maji yalikupwa na kujaa kama ya kwao, ila mkononi walimwekea karatasi yenye tarehe za kugawiwa mchele. Nilipompigia simu alinitajia tarehe hizo kwa usahihi wa askari. Maji hakuyataja. Nilidhani uzee umemchosha. Sasa naona alikuwa amebaki na saa moja, ile isiyokuwa yake, na kwamba msiba wetu ulianza siku alipokosa mtu wa kusimama mbele ya ubao wake na kumwambia amekosea. Sisi tuliusikia baadaye, kwa simu.

Baada ya arobaini, binti yangu aliniuliza kesho maji yatatoka saa ngapi. Alitaka kwenda Mikindani kuokota simbi. Nikahesabu nilivyofundishwa. Mwezi ukiandama, maji hukauka karibu saa 4 asubuhi. Kila kunapokucha ongeza kama dakika 50. Kesho yake mwezi ungekuwa wa tatu. Nikamwambia: saa 6 kasoro dakika 20.

Tulifika saa ileile. Mwamba ulikuwa bado chini ya maji. Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye jiwe, ndoo kando yake, kijiti cha pweza magotini.

"Umehesabu mwezi wa ngapi, mwanangu?"

"Wa tatu, mama."

"Leo wa nne. Siku ulipoandama palikuwa na wingu, hamkuuona. Kaeni mngoje."

Tukakaa, tukangoja.