Safari ya Sirari, na Habari za Timu ya Vaduz

Kama hujapata kufika Sirari, panda gari hapa Turwa, mjini Tarime, ushike barabara ya kaskazini. Utapita mashamba ya mahindi na migomba, na ng'ombe wanaoswagwa na watoto kando ya lami (usiwapigie honi, hawana haraka). Mwisho wa njia ni forodha. Huku ni Sirari, Tanzania. Kule ni Isebania, Kenya. Mstari huo waliupanga Mwingereza na Mjerumani mwaka 1886, wala Mkuria hakuulizwa. Hata leo lugha ni ile ile, na watu huoana huku na huku.

Lakini jaribu kuiandikisha timu ya kijiji chako katika ligi ya Kenya! Kila timu iko chini ya chama cha mpira cha nchi yake, na ruhusa ya kuvuka ni adimu.

Basi, iko nchi ya Ulaya iliyoipata. Ni Liechtenstein, katikati ya Uswisi na Austria: kilomita za mraba 160 tu, watu wapata 40,000, wengi wao Wakatoliki kama sisi. Klabu zake 7 hazitoshi kufanya ligi, kwa hiyo zote hucheza Uswisi. Iliyo kubwa ni Vaduz, ya tangu 1932, ambayo mwaka 2008 ilipanda daraja la juu la Uswisi. Ila hata ikitwaa ubingwa, haiwezi kuiwakilisha Uswisi. Mlango wake wa kwenda mashindano ya Ulaya ni kombe la kwao. Kwa mlango huo, mwaka 2022, ikiwa daraja la pili, iliitoa Rapid ya Vienna.

Kwetu wako Wazanzibari. Katika Ligi ya Muungano, iliyoanza 1982, timu zao zilipambana na za Bara. KMKM ilichukua ubingwa 1984, Malindi 1989 na 1992. Machi 2017 Zanzibar ilipewa uanachama kamili wa shirikisho la mpira la Afrika. Julai ikavuliwa, kwa kuwa si dola peke yake. Sheria naifahamu. Lakini watu 40,000 wana kiti chao FIFA, na Visiwani wapo zaidi ya milioni moja, hawana! Hapo, ndugu yangu, mimi sioni haki.