Goti la Mama

Mama yetu ametimiza miaka 88. Magoti yake, yaliyozoea kushuka ukingo wa Mto Tana na kuinama mashambani, yamechakaa: gegedu zimelika, mfupa wasagana na mfupa. Tulipokutana hapa Garsen kushauriana, kaka zangu walikuwa wamekwisha kukubaliana zichangwe fedha, apelekwe Mombasa, abadilishiwe goti. Nia ilikuwa njema, kwani kuwatendea wema wazazi ni faradhi. Lakini wema nao huhitaji elimu.

Daktari wa mifupa hakutuficha. Goti bandia, la chuma na plastiki, huwaondolea wengi maumivu, na umri peke yake si kizuizi. Hata hivyo, kwa aliyepita miaka 80 hatari huongezeka. Moyo, mapafu na figo huweza kulemewa na operesheni. Damu huweza kuganda mguuni, donge likapanda hadi mapafuni. Na vijidudu vikiingia katika kiungo bandia, huenda mgonjwa akapasuliwa tena. Wazee wengine huchanganyikiwa akili kwa siku kadhaa. Kisha huja wiki nyingi za mazoezi ya viungo, nasi twajua mafuriko yanavyoikata barabara yetu.

Mama alisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza swali lililotunyamazisha sote: "Mwanangu, nikishapona, nitasujudu chini?"

Daktari akamjibu kwa adabu: "Bibi, hilo siwezi kukuahidi. Wengi waliobadilishiwa goti hupata taabu kupiga magoti, hata operesheni ikifaulu."

Hapo Mama akaamua. Alichokitamani hasa ni sijda yake, nayo Sharia imekwisha kumfanyia wepesi: Mtume (s.a.w.) alimruhusu Imran bin Huswain, alipougua, aswali ameketi asipoweza kusimama. Sasa ana kiti chake cha swala, mkongojo, na mazoezi mepesi ya kuyatia nguvu mapaja. Vidonge vya maumivu hamezi ila kwa ushauri wa daktari, kwani baadhi yake hudhuru figo na tumbo la mzee.

Simkatazi mtu. Mzee mwenye moyo imara, ambaye maumivu yamemnyima usingizi, huenda akanufaika sana. Ninachowaomba dada zangu ni hiki: kabla ya kuchanga fedha, mwulizeni daktari hatari zilizopo, na kabla ya daktari, mwulizeni mzee mwenyewe analitaka goti hilo kwa ajili ya nini.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu shifaa, nasi atujaalie kuwatumikia kwa hekima. Amin.