Saa ya kilio ni ya nani?

Katika kitabu hiki wengine wanaandika juu ya mahari, juu ya majina ya watoto, juu ya ngoma za wazee wetu. Mimi nataka kuandika juu ya saa. Najua msomaji atauliza: saa ni desturi gani? Si ilikuja na Wazungu? Ndiyo, ilikuja nao. Lakini siku hizi hakuna kilio, hakuna mahari, hakuna kikao cha jamaa kinachofanyika bila watu wa mbali, na watu wa mbali wana saa zao. Sisi nyumbani tulijifunza jambo hilo vibaya, siku ya kumzika mama.

Kwanza niseme namna tunavyohesabu. Huku Lubumbashi wengi wetu tunahesabu saa kama kwa Kifaransa. Tukisema saa sita ya asubuhi, ni jua linatoka. Tukisema saa kumi na mbili ya muchana, ni jua liko juu ya kichwa. Baba yetu alikuwa mufanyakazi wa Gécamines, na katika kambi tulikuwa hatuhitaji saa ya mkononi. Sirena ililia, wanaume wakaondoka. Ikalia tena, wakarudi. Saa ilikuwa moja kwa watu wote, sababu sauti ilikuwa moja. Hata wake zetu walipima bukari na ile sauti.

Lakini inchi yetu haina saa moja. Congo ina saa mbili: ile ya mangaribi, ya Kinshasa, na ile ya mashariki, ambayo ni yetu sisi wa Katanga, pamoja na Kasai, Kivu, Maniema na kule Kisangani. Kinshasa ikiwa saa nane, huku ni saa tisa. Jambo hilo tunalizoea toka utoto. Radio ya Kinshasa ikitaja saa, tunaongeza moja bila kufikiri. Na hakuna uongo ndani yake: jua linapita juu ya Lubumbashi karibu dakika makumi tano mbele ya kupita juu ya Kinshasa. Na jirani yetu Zambia ana saa moja na sisi, hata mtu akivuka Kasumbalesa hagusi saa yake. Basi tulidhani tunajua mambo ya saa.

Mama alikufa usiku wa siku ya ine, tarehe 26 ya mwezi wa kumi, mwaka 2006. Watakaokumbuka watajua hiyo ilikuwa juma gani: siku ya Mungu, tarehe 29, inchi nzima ilikuwa inaenda kupiga kura ya raisi, muzunguko wa pili. Wazee wa jamaa wakasema hatuwezi kuzika siku ya kura. Tukapatana: tunamuzika siku ya kwanza, tarehe 30, tunamutoa nyumbani Katuba saa kumi ya asubuhi.

Katika jamaa yetu kuna desturi hii: mbele ya kufunga sanduku, mutoto wa kwanza anasimama karibu na kichwa cha marehemu, anamuaga kwa jina lake, anamushukuru, anamuomba aende na moyo mweupe. Asipokuwako yeye, jamaa inamungojea. Mutoto wa kwanza kwetu ni yaya, na yaya alikuwa Liège, Ubelgiji. Karatasi zake hazikumuruhusu kusafiri. Tukapatana atasema yale maneno kwa telefone: nitaweka telefone juu ya sanduku, na watu watanyamaza.

Siku ya posho nikamuandikia mesaje fupi, sababu mayunite yalikuwa machache: « Tunamutoa mama siku ya kwanza saa kumi. Uite saa hiyo. » Akajibu: « Sawa. Saa kumi. » Mesaje ile ile nikaituma kwa mama mudogo wetu, aliyeolewa Tanzania na anakaa Dar es Salaam. Yeye hakujibu « sawa ». Aliita palepale:

« Wee mwanangu, saa kumi ipi? Huku kwetu saa kumi ni alasiri, watu wanatoka kazini. »

Nikacheka hata katika huzuni. Nikamwambia: « Hapana mama mudogo, ni asubui, mbele ya midi. »

« Basi hiyo ni saa nne. Na sisi tuko mbele yenu kwa saa moja. Kwa hiyo kwangu mimi ni saa tano. »

Na siku ya kwanza, saa tano yake, ambayo ni saa kumi yetu, telefone ililia, naye akalia pamoja na sisi.

Yaya hakuita. Sanduku lilikuwa katika uwanja, chini ya turubai. Muchungaji alikuwa amemaliza. Tukangoja dakika tano, tukangoja kumi. Mimi nikambipa mara mbili, hakuna kitu. Motokari ilikuwa ya kukodi, na wengine walikuwa wamekwisha kufika makaburini, katika jua. Mujomba akanitazama, akasema: « Sema weye. Mama hawezi kungojea tena. » Nikasimama mahali pa yaya, nikasema maneno yake. Sanduku likafungwa.

Saa kumi na moja kamili tulikuwa kwenye kaburi. Udongo ulikuwa umefika juu. Telefone ikalia mfukoni.

« Mudogo wangu, niko tayari. Uniweke karibu na mama. »

« Yaya, ulikuwa wapi? »

« Namna gani, nilikuwa wapi? Huku ni saa kumi kamili. »

« Huku ni kumi na moya, yaya. Tulisha kumufunika. »

Sikusikia kitu tena. Mayunite yaliisha ao alikata, hata leo sijui.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Mimi nilisema moyoni: alilala, Bulaya imemubadilisha. Yeye alisema kwa watu kwamba nimemunyang'anya ukubwa wake, kwamba nilimupa saa ya uongo makusudi ili nisimame mbele ya jamaa. Noeli ikapita bila sauti yake. Hakuna hata mutu mumoja kati yetu aliyefikiri kushitaki saa.

Na kumbe ilikuwa saa. Kule Ulaya watu wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka. Siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa tatu wanaipeleka mbele kwa saa moja; siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi wa kumi wanairudisha. Wanafanya hivyo sababu kwao muchana unarefuka sana wakati wa joto na unafupika sana wakati wa baridi. Huku kwetu, kati ya muchana murefu wa mwezi wa kumi na mbili na muchana mufupi wa mwezi wa sita, tofauti ni saa moja na kitu tu. Hatuna sababu ya kusogeza kitu, na hatusogezi. Basi wakati wa joto la Ulaya, Liège na Lubumbashi ni saa moja, kama ndugu mapacha. Wakati wa baridi, Liège inakuwa saa moja na Kinshasa, na sisi tunabaki mbele. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 ili waache kusogeza, lakini jambo halikumalizika.

Sasa msomaji aangalie tarehe. Mesaje yangu iliandikwa siku ya posho, tarehe 28. Siku ile, saa kumi ya Liège na saa kumi ya Lubumbashi zilikuwa moja kweli. Usiku uleule, saa tatu kule Ubelgiji ilirudi kuwa saa mbili. Mimi sikudanganya. Yaya hakulala. Neno letu lilivunjika katikati ya usiku, na hakuna aliyelisikia.

Tulielewa mwezi wa ine 2007. Siku moja yaya aliita kwa shida nyingine, ya shule ya mutoto. Akauliza saa, kama watu wote wa mbali wanavyouliza. Nikasema saa saba ya jioni. Akanyamaza, akasema: « Huku pia ni saba. Lakini mwezi wa mbili dada yetu aliniambia mulikuwa mbele. » Akahesabu, nami nikahesabu. Kisha akasema polepole: « Ile siku ya mama, nilihesabu na saa ya mwezi wa tisa. » Nikamuomba msamaha kwa mesaje yangu fupi, naye akaniomba msamaha kwa neno la kunyang'anya. Tulilia wote wawili, kila mutu upande wake.

Tangu pale nimefikiri sana juu ya mama mudogo. Yeye alikuwa na hesabu ngumu kuliko yaya: inchi nyingine, saa nyingine, na hata namna nyingine ya kuhesabu, ile ya kuanza na mapambazuko. Lakini hakukosa hata dakika moja. Sababu neno langu lilimushangaza, akauliza. Yaya aliona « saa kumi », akaona ni saa kumi yake, akasema sawa. Saa inayotofautiana inakufanya uulize. Saa inayofanana ndiyo inayodanganya.

Mwaka 1884, mwezi wa kumi, wakubwa wa mataifa walikusanyika Washington, wakaweka mustari wa Greenwich ili dunia ihesabu saa kutoka pale. Mwezi uliofuata wengine wakakusanyika Berlin kugawanya Afrika. Hakuna babu yetu aliyeitwa pahali pamoja ao pengine. Lakini babu zetu walikuwa na hekima yao: walituma mjumbe, na mjumbe hakutaja saa. Alisema: « Muje, kilio kiko kwa fulani. » Kilio kilingojea watu, watu hawakungojea saa. Leo mjumbe ni telefone, na motokari ya kukodi haingojei. Kwa hiyo nyumbani tumeweka desturi mupya, na ninaitoa kwa wasomaji.

Saa ni ya kule kilio kinakolala. Kama maiti iko Lubumbashi, tunasema « saa ya Lubumbashi », na neno Lubumbashi haliachwi hata kama mayunite ni machache. Kama kikao cha mahari kiko Kinshasa, sisi ndio tunaohesabu. Yule wa mbali anarudisha jibu kwa saa yake mwenyewe: « Basi kwangu ni saa tisa. » Neno « sawa » peke yake hatulipokei tena. Na asubuhi ya siku yenyewe tunaulizana: kwenu sasa ni saa ngapi?

Mwezi wa saba 2007 tulimaliza kilio cha mama. Tulikusanyika Katuba, saa kumi na ine, saa ya Lubumbashi. Saa kumi na tatu telefone ililia. Nikamwambia: « Yaya, leo saa zetu ni moja, umeita mbele. »

« Najua, » akasema. « Ku kilio bantu habafikaka na saa. Banafikaka mbele, banaikala. Uweke telefone pale, mi nangojea. »

Nikaiweka juu ya kiti, karibu na picha ya mama. Alikaa pale saa nzima, akisikia watu wanavyoingia na kusalimiana, mpaka zamu yake ikafika.