Bunia: Dereva anayengoja na dereva anayepiga honi

Ikifika saa moja ya asubuhi, Boulevard de la Libération mjini Bunia inajaa. Kuna wanafunzi wenye sare nyeupe na bluu, akina mama wenye mizigo kichwani, vijana wanaosukuma mikokoteni, malori yanayotoka upande wa Komanda na Mahagi, na pikipiki zinazopita kila pengo. Katikati yao wamo watu waliolala kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, wanaoingia mjini kutafuta kibarua. Wengi wao walikimbia vita katika wilaya ya Djugu, iliyoanza tena mwishoni mwa mwaka 2017. Hawana pesa ya pikipiki. Wanatembea, na mtu wa miguu ndiye anayejua vizuri tabia za madereva.

Wakati wa mvua, gari lenye vioo vilivyofungwa linapita kwenye dimbwi bila kupunguza mwendo. Matope yanaruka hadi ndani ya beseni la mama anayeuza mandazi. Kwa dereva ni maji tu. Kwa mama ni mtaji wote wa siku ile: unga, mafuta, sukari na makala aliyokopa. Dereva hageuki hata kuangalia. Mwingine anatoa kichwa dirishani na kupiga kelele: “Wee mukimbizi, toka kwa barabara!” Neno hilo anatupiwa mtu ambaye kijiji chake kiko kilometa chache tu kutoka hapo, na ambaye zamani alikuwa akileta maharagwe na mihogo kwenye soko la mji huuhuu.

Lakini barabara ileile ina wengine. Yuko motari anayembeba mzee, na kabla ya kuondoka anauliza: “Papa, umekaa muzuri? Tuende?” Kwenye shimo anapita pole pole, kwa sababu anajua mgongo wa mzee si mgongo wa kijana. Yuko dereva wa lori anayesimama mbele ya shule na kunyoosha mkono nje. Nyuma yake honi zinalia na matusi yanafuata. Yeye haendi mpaka mtoto wa mwisho avuke.

Basi ndogo nazo zina hatari yake. Magari mengi ya Bunia yanaingia kupitia Uganda, mahali ambapo watu wanaendesha upande wa kushoto. Usukani uko kuume, na mlango wa abiria uko kushoto. Congo watu wanaendesha upande wa kuume, kwa hiyo mlango ule unafunguka katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni anashuka pale pikipiki zinapopita. Dereva mmoja anamwambia: “Shuka upesi!” Mwingine anateremka mwenyewe, anazunguka gari, anasimamisha pikipiki kwa mkono, kisha anasema: “Mama, sasa unaweza kushuka.”

Motari wengi wana sababu ya kukimbia. Pikipiki si yao. Kila siku au kila juma wanapaswa kumpa mwenye pikipiki pesa ya versement, abiria wawepo au wasiwepo. Bei ya mafuta ikipanda, kinachobaki kwa ajili ya chakula cha nyumbani kinapungua. Hilo ni kweli, na anayewahukumu alijue. Lakini motari aliyemuuliza mzee kama amekaa vizuri naye ana tajiri anayemngoja jioni. Swali lile halikumpunguzia franga hata moja.

Abiria naye ana sehemu yake. Kuna anayempiga motari begani akisema “Kimbia, nimechelewa,” halafu ajali ikitokea analaumu vijana wa pikipiki. Kuna anayepanda bila kupatana bei, kisha akifika anaanza ugomvi. Aliyelipa ana haki ya kusema: “Ndugu, pole pole, tutafika tu.” Mara nyingi motari anamsikia.

Mtu aliyepoteza nyumba na shamba haombi dereva amrudishie hivyo. Anaomba apite dimbwi pole pole, amwache avuke, amwite mama au papa kama anavyowaita wakaaji wengine. Jioni, akirudi Kigonze na beseni lake safi na tupu kwa sababu mandazi yote yameuzwa, watoto watakula.